UZI: Mdomo usiofunguka, misuli minne ya kutafunia na hatari isiyoonekana shavuni

Mtoa uzi

Wanajukwaa wenzangu wa Mtwara, Lindi na kwingineko, nawasalimu. Mimi ni tabibu wa meno katika mikoa hii ya kusini, na ninaandika kwa sababu ya kijana mmoja mbanguaji wa korosho aliyefika kwetu wiki tatu zilizopita akiwa amejifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, kama watoto wanavyofungwa wakiugua matubwitubwi. Ilikuwa siku ya tano hali chochote ila uji mwepesi aliokuwa akiufyonza kwa mrija. Nilimwomba apange vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kisha aviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Hakikupita hata kimoja.

Ndugu aliyemsindikiza alinituliza kwa kusema kwamba hali haikuwa mbaya sana, kwa kuwa shavu lilikuwa halijavimba. Maneno hayo ndiyo yaliyonitia hofu. Shavu lililofura huku mdomo ukifunguka vizuri hunipa muda wa kufikiri. Mdomo uliofungwa kabisa huku shavu likionekana zima huniambia kwamba ugonjwa uko upande wa ndani wa taya, jirani na koo, mahali ambapo jicho la ndugu haliwezi kufika. Ili mnielewe, ni lazima kwanza tuijue misuli yenyewe.

Chukua korosho moja iliyokwisha kukaangwa (isiwe yenye ganda, kwa maana mafuta ya ganda lake huunguza midomo, na wapo wanaoibangua kwa meno mpaka leo). Iweke kati ya magego ya kulia, bandika vidole kwenye panja la kulia, kisha uume taratibu. Kinachotuna chini ya vidole ni msuli wa temporali, uliotandazwa kama upepeo ubavuni mwa fuvu. Nyuzi zake hukusanyika zikishuka, hupita chini ya upinde wa mfupa wa shavu, na kujishikiza kwenye ncha ya mbele ya taya la chini, ile inayopanda na kujificha nyuma ya upinde huo. Nyuzi za mbele huliinua taya. Zile za nyuma, ambazo zimelala badala ya kusimama, hulirudisha nyuma taya lililotangulia mbele.

Sasa shusha vidole hadi kwenye pembe ya taya, mbele kidogo ya ndewe la sikio, kisha uume tena. Donge gumu unaloligusa ni msuli wa maseta. Umeanzia kwenye upinde wa mfupa wa shavu na kushuka hadi kwenye uso wa nje wa taya, na ndio unaoonekana ukicheza mtu anapokasirika akanyamaza.

Misuli miwili iliyobaki huwezi kuigusa kwa kupitia ngozi ya shavu. Pterigoidi ya ndani imelala upande wa ndani wa taya, ikiwa kama pacha wa maseta: mmoja nje, mwingine ndani, na wote wawili wameipakata pembe ya taya kama mbeleko inavyompakata mtoto. Huu nao huinua taya. Pterigoidi ya nje ni mfupi, una vichwa viwili vinavyoanzia kwenye mfupa wa sfenoidi ulio kwenye kitako cha fuvu, na tofauti na wenzake hauelekei chini, bali unarudi nyuma hadi kwenye shingo ya kichwa cha taya na kwenye kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo cha taya. Huo ndio pekee kati ya minne unaosaidia kuufungua mdomo, kwa kukivuta kichwa cha taya mbele. Ukifanya kazi wa upande mmoja tu, kidevu husogea upande wa pili. Pande mbili zikipokezana, taya huenda huku na huku na chakula husagika.

Msione kusaga kuwa ni jambo dogo. Mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) waliochimbuliwa Tendaguru, huko Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ambao mmoja wao amesimamishwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin, walikuwa na miili ya kutisha lakini hawakutafuna. Walikata majani na kuyameza, na kazi iliyobaki ikafanywa na tumbo. Sisi tunaotafuna makopa na pweza mkavu tunaitegemea misuli hii minne kila siku, na hatuikumbuki mpaka igome.

Yote minne huamrishwa na neva moja, yaani tawi la tatu la neva ya trijemina, linalotoka ndani ya fuvu kwa kupitia tundu lenye umbo la yai. Tawi hilohilo ndilo linalobeba hisia za meno ya chini, ufizi wake na ngozi ya kidevu. Basi mtu ambaye kidevu chake kimekufa ganzi bila sababu, na ambaye anapofungua mdomo taya linapinda kuelekea upande mmoja, asichukuliwe kuwa ni mgonjwa wa jino. Taya hupinda kuelekea upande uliodhoofika, kwa kuwa pterigoidi ya nje ya upande mzima inasukuma bila mpinzani, na huenda neva imebanwa na uvimbe ulioko ndani kabisa.

Nirudi kwa kijana wangu. Chanzo kilikuwa gego la mwisho la chini, lililoota nusu na kuachia mfuko wa ufizi juu yake, mfuko ambao hukusanya mabaki ya chakula na vijidudu. Gego hilo limekaa hatua moja tu kutoka kwenye ubao wa taya unaopanda. Usaha ulipotoka hapo haukwenda nje kwenye shavu, bali ulipenya hadi kwenye nafasi iliyo kati ya mfupa na pterigoidi ya ndani. Msuli uliochokozwa na usaha hukaza, na ukikaza hauruhusu kunyooshwa. Ndiyo maana mdomo hukataa kufunguka hata mgonjwa akijitahidi. Kutoka hapo hadi kwenye nafasi ya pembeni mwa koo si mbali, na usaha ukifika huko njia ya hewa imo hatarini. Sikumpa vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Nilimwandikia rufaa saa ileile, akalazwa, usaha ukatolewa na gego likang'olewa usiku huohuo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo: mtu akiumwa jino, msipime ukubwa wa shavu peke yake, pimeni na mdomo. Mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 hadi 50, na kila mtu ana kipimo chake mkononi, kwa kuwa vidole vitatu vyake mwenyewe hulingana na mdomo wake mwenyewe. Akishindwa kuviingiza, na zaidi akiwa anadondokwa na mate, anapata shida kumeza, sauti imekuwa nzito kama ya mtu mwenye chakula kinywani, au ulimi umenyanyuka, asisubiri asubuhi.

Mchangiaji wa 2

Shikamoo daktari, na ahsante kwa somo. Mimi nina swali la kinyume chake. Mwaka jana tulikuwa tukisubiri kivuko cha kwenda Msanga Mkuu, shangazi yangu akapiga mwayo mrefu wa usingizi, na mdomo ukabaki wazi. Hakuweza kuufunga wala kusema. Alikuwa akitoa mate na machozi tu, na watu wakaanza kusema amepatwa na jini la baharini. Mzee mmoja alitaka kumpiga kofi kidevuni ili taya lirudi. Je, misuli hiyohiyo inahusika?

Mtoa uzi

Marahaba, mwanangu. Inahusika yote, na hakuna tukio linaloionyesha vizuri zaidi kuliko hilo. Mdomo unapofunguka sana, pterigoidi za nje huvivuta vichwa vya taya mbele hadi vikipanda tuta dogo la mfupa lililoko mbele ya kiungo. Kwa wengi vichwa hurudi vyenyewe. Kwa shangazi yako vilivuka tuta hilo vikatua upande wa pili, na papo hapo maseta, temporali na pterigoidi za ndani zikakaza kwa maumivu, zikawa zinaliinua taya huku tuta likizuia njia ya kurudi. Jitihada yake ya kufunga mdomo ndiyo iliyokuwa ikilifungia taya nje.

Hapo utaona kwa nini kofi la kidevuni ni kosa kubwa: linasukuma kulekule inakovuta misuli, na linaweza kuvunja mfupa. Njia ya kale, inayoitwa kwa jina la Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, huanza kwa kwenda *chini*. Mgonjwa hukalishwa chini, kichwa kikiwa kimeegemezwa ukutani. Mtabibu huzungushia gozi (kitambaa cha bandeji) kwenye vidole gumba, huviweka nyuma kabisa juu ya magego ya chini au pembeni mwake, hukandamiza kuelekea chini kwa nguvu ya polepole isiyokatika mpaka msuli uchoke, na hapo ndipo hulisukuma taya nyuma. Gozi si mapambo, kwani taya linaporudi hufunga kwa kishindo na kidole kinaweza kuumwa vibaya. Nguvu za mkono hazitoshi dhidi ya misuli iliyojaa hofu. Mara nyingi dawa ya kutuliza msuli na maneno ya upole hufanya nusu ya kazi. Kazi hii iachwe kwa aliyefunzwa. Mlio kivukoni mnachoweza kufanya ni kulishikilia taya kwa kitambaa bila kulikaza, kumwinamisha mate yasimpalie, na kumwahisha hospitali, kwa kuwa kadiri saa zinavyopita ndivyo misuli inavyozidi kukaza.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mkulima, naandika kutoka Newala. Wazee wetu wakisikia taya limekaza, wazo lao la kwanza ni pepopunda. Katika maelezo yako marefu hukuitaja. Je, tuache kuiogopa?

Mtoa uzi

Msiache hata kidogo, na ni haki yako kunikumbusha. Bakteria wa pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, huingia kwa kupitia jeraha, na sumu wanayoitoa hupanda ndani ya neva hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Huko sumu hiyo huzuia zile kemikali ambazo kazi yake ni kuuamuru msuli upumzike. Msuli usio na breki hukaza. Misuli ya taya mara nyingi ndiyo hutangulia, kwa sababu njia ya neva yake ni fupi.

Tofauti na kijana wangu ni hizi. Mgonjwa wa jino huonyesha upande mmoja kwa kidole. Wa pepopunda hukaza pande zote mbili, kisha uso hujikunyata kama mtu anayecheka bila furaha, shingo na mgongo hufuata, na kelele au mwanga wa ghafla huweza kumtia mshtuko. Kuna kipimo cha kijiti: ukigusa nyuma ya koo la mtu mzima wa afya, atataka kutapika, mwenye pepopunda hukiuma kijiti bila kutaka. Jeraha lenyewe huenda lilikwisha kusahauliwa, kwani kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na mwiba wa shambani hauandikwi katika daftari lolote.

Kwa mtoto mchanga dalili ni moja, na akina mama wanaifahamu kabla ya daktari: alizaliwa akinyonya vizuri na kulia kwa nguvu, halafu kuanzia siku ya tatu au baadaye akashindwa kulishika titi. Kunyonya ni kazi ya misuli hiihii. Chanzo huwa kitovu kilichokatwa au kupakwa kitu kichafu. Kinga ipo: mama mjamzito huchomwa chanjo kliniki, na mtoto hupata yake akiwa na wiki 6, 10 na 14. Jambo wengi wasilolijua ni kwamba aliyeugua pepopunda na kupona hana kinga; naye anapaswa kuchanjwa.

Mchangiaji wa 4

Naomba nitofautiane kidogo na mtoa uzi, kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Nachingwea, na siku zote nimewafundisha wanafunzi kwamba msuli wa shavu, baksineta, ni miongoni mwa misuli ya kutafunia, maana bila huo chakula hukwama kati ya meno na shavu. Kwa nini umeuacha?

Mtoa uzi

Mwalimu, kuhusu kazi yake uko sahihi. Ulimi upande wa ndani na baksineta upande wa nje hulirudisha tonge juu ya magego kila linapotoroka. Hata hivyo wanaanatomia huupanga na misuli ya uso, kwa kuwa unaamrishwa na neva nyingine, ile ya uso, na hilo si suala la majina tu. Aliyepooza neva ya uso upande mmoja huuma kwa nguvu zake zote, lakini ugali hujikusanya shavuni na chai humwagika pembeni mwa mdomo. Aliyeumia neva ya trijemina hucheka vizuri, ila ukimgusa panja na pembe ya taya akiuma, upande mmoja hautuni. Kwa kuuliza chakula kinakwama wapi, unaweza kujua ni neva ipi iliyodhurika kabla hujashika kifaa chochote.

Mchangiaji wa 5

Mke wangu anasaga meno usiku mpaka mimi ninaamka. Asubuhi panja zinamuuma, na mashavu yake ya nyuma yamekuwa mapana. Mama mkwe anasema ni minyoo, na amekwisha kunywa dawa ya minyoo mara tatu.

Mtoa uzi

Ushahidi wa kuyahusisha meno yanayosagwa na minyoo ni dhaifu sana, ndugu yangu, kwa hiyo dozi ya nne haitaleta kitu. Anayekaza taya usiku kucha anaifanyisha maseta na temporali mazoezi kama ya mbeba magunia, na msuli unaofanya mazoezi hunenepa. Huo ndio upana unaouona. Maumivu ya panja ni uchovu wa temporali, na wengi huyaita kipandauso wakameza dawa za maumivu kwa miaka. Mlete apimwe meno yaliyolika, aulizwe kuhusu usingizi, mawazo, kahawa na dawa anazotumia. Kipande cha plastiki cha kuvaa usiku kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno yake huyalinda meno, ingawa si lazima kikomeshe tabia yenyewe. Vitambaa vya maji ya uvuguvugu na kujizoeza mchana kuyaacha meno ya juu na ya chini yasigusane husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Nitoe tahadhari moja. Kama angekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, maumivu ya panja yakiwa mapya, na taya likichoka na kuuma kila anapotafuna kisha likapoa akipumzika, ningeacha habari ya kusaga nikafikiria mshipa wa damu wa panjani uliovimba. Ugonjwa huo huweza kupofusha macho, na hautaki kusubiri.

Mchangiaji wa 6

Babu yangu, Kilwa, ametafuna tambuu na popoo tangu ujana. Sasa mdomo wake unazidi kuwa mdogo mwaka hadi mwaka, na pilipili humuunguza. Haumwi jino lolote. Je, msuli umezeeka?

Mtoa uzi

Hapana, na hapa msuli hauna hatia. Popoo ikitafunwa kwa miaka huufanya utando wa ndani wa shavu kuwa mgumu kama kamba. Ukipitisha kidole ndani ya shavu lake huenda ukazigusa nyuzi hizo zikiwa zimesimama wima, na utando wenyewe umefifia rangi. Mdomo hufungwa na kovu hilo, taratibu, bila homa wala usaha. Hali hii huweza kugeuka saratani, kwa hiyo mzee aache popoo sasa na aonwe na daktari wa kinywa hata kama haumwi. Ukiona kidonda au baka jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili, usingoje zaidi.

Mchangiaji wa 7

Mimi nilichomwa sindano ya ganzi katika kituo kimoja ili ning'olewe gego la chini. Siku ya pili mdomo ukakaza, na niliporudi niliambiwa nimejitakia kwa kuogopa. Pia kaka yangu alianguka na bodaboda, shavu likabonyea kidogo tu, na tangu hapo mdomo wake hufunguka nusu. Tatizo ni moja?

Mtoa uzi

Ni mawili. Pole kwa kauli uliyopewa, kwani woga haukazi taya namna hiyo. Sindano ya ganzi ya taya la chini hupita kando kabisa ya pterigoidi ya ndani, na ikiuchoma msuli huo au ikipasua mshipa mdogo, damu humwagika ndani yake na msuli hukaza baada ya siku moja au zaidi. Hutokea hata kwa mkono wenye uzoefu. Kwa kawaida hupona kwa joto la kitambaa, chakula laini na mazoezi ya kufungua polepole katika siku au wiki chache. Ila homa au maumivu yanayozidi yataka kuonwa upya.

Kaka yako apigwe picha. Upinde wa mfupa wa shavu uliobonyea huweza kuigandamiza ile ncha ya taya inayoshikwa na temporali, na hapo hakuna zoezi litakalofungua mdomo, kwa sababu mlango umezuiwa na mfupa. Daktari wa upasuaji huweza kuuinua kwa kupitia jeraha dogo kwenye nywele za juu ya panja: hupenyeza chuma chembamba kati ya utando wa temporali na msuli wenyewe, akifuata njia ileile ambayo msuli hushukia, mpaka afike chini ya upinde. Daktari mpasuaji Harold Gillies na wenzake waliieleza njia hiyo mwaka 1927, na bado inatumika.

Mchangiaji wa 2

Daktari, na yule kijana wa korosho anaendeleaje?

Mtoa uzi

Alikuja jana. Nilimpa vijiti bapa vya mbao, vile tunavyotumia kuukandamiza ulimi, na kumwagiza avipange kati ya magego, aongeze kimoja pale tu vilivyopo vinapoingia bila maumivu, mara tano kwa siku. Alianza na vijiti 9. Jana vilipita 17 mbele yangu, na vidole viwili vinaingia kwa nafasi, cha tatu kinagusa meno. Swali lake lilikuwa kama anaweza sasa kula pweza mkavu. Nimemwambia aanze na wa kuchemsha kwenye nazi, vipande vidogo, na atafune pande zote mbili.